Kuingiliana kwa Spea: Shokapu, Pikipiki na Maarifa ya Mafundi kutoka Pangani hadi Ushongo

Historia ya pikipiki za abiria katika Afrika ya Mashariki aghalabu huelezwa kwa tarehe za kuingia. Huanza na baiskeli za mpakani mwa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, ambako jina bodaboda lilizaliwa. Hufuata pikipiki za China na India. Kisha, kwa Tanzania, hutajwa Kanuni za mwaka 2010 zilizoweka utaratibu wa leseni za pikipiki na bajaji za biashara. Tarehe hizo zinaeleza namna chombo kilivyofika, lakini hazielezi namna kilivyodumu. Makala haya yanadai kwamba katika pwani ya Pangani pikipiki imedumu kwa sababu spea zake huingiliana na za pikipiki nyingine, na kwamba kuingiliana huko ni zao la historia mbili: ya viwanda vya mbali na ya mafundi wa karibu.

Ushongo ni kijiji cha pwani kilichoko kusini mwa mto Pangani. Anayetoka Pangani mjini huvuka kwa kivuko hadi Bweni, kisha hushika barabara ya udongo kuelekea kusini. Hii ni nchi ya minazi na mkonge. Hapo jirani, Kikogwe, ndipo miche 62 ya mkonge iliyosalimika katika safari ya kutoka Florida ilipopandwa mwaka 1893 kwa juhudi za Richard Hindorf. Njia za eneo hili zina mchanga, mashimo na vijituta vilivyopangana. Juu yake pikipiki hubeba abiria, samaki, nazi na magunia ya mkaa, na pengine abiria wawili au watatu kwa mtindo uitwao mshikaki. Kiungo kinachopokea adha hiyo yote ni shokapu. Upepo wa bahari nao huongeza adha yake: chumvi hula chuma kilichong'arishwa cha shokapu za mbele, vidonda vya kutu hukata sili, mafuta huvuja, na shokapu hubaki springi tupu.

Mazoea ya kukitibu chombo kwa kiungo cha chombo kingine yalitangulia bodaboda. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–1979, Tanzania iliingia katika uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na spea zikawa adimu. Hata baada ya bajeti ya 1984 kuruhusu watu binafsi kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, fundi aliyepevuka katika miaka ile alikuwa amekwisha kujifunza kuuliza swali tofauti na la muuza duka. Hakuuliza, "Spea hii ni ya gari gani?" Aliuliza, "Itakaa?" Joshua Grace, katika kitabu chake kuhusu historia ya magari nchini Tanzania kilichotoka mwaka 2021, ameonyesha kuwa gereji za nchi hii zilikuwa mahali pa kuzalisha maarifa, si pa kurekebisha tu. Hoja hiyo inafaa kuendelezwa hadi kwa pikipiki, ambayo fundi wake mara nyingi hufanya kazi chini ya mti.

Historia ya pili inaanzia Japani. Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976, ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na matengenezo hucheleweshwa. Baadaye viwanda vingi vya China viliiga injini na umbo lake, na watengenezaji wa spea wakazalisha viungo vya vipimo vinavyokaribiana kwa ajili ya viwanda vingi kwa pamoja. Matokeo yake, pikipiki zilizofika Tanga zikiwa na majina tofauti kwenye tangi zilikuwa ndugu katika mifupa. Boxer ya Bajaj na TVS za India ni za koo nyingine, nazo zilidai maarifa mapya: zipi huingiliana moja kwa moja, zipi huhitaji bushi ya kukerezwa, na zipi hazipatani kabisa.

Kwa shokapu za nyuma, fundi hupima urefu kutoka tundu la juu hadi la chini, unene wa bolti, upana wa sikio na nafasi iliyopo kati ya springi na cheni. Kwa shokapu za mbele hupima unene wa bomba, ekseli, na mahali breki inaposhikwa isizunguke pamoja na gurudumu. Vikilingana, chombo hupanda daraja: shokapu ya pikipiki kubwa zaidi huwekwa kwenye ndogo ili ihimili mizigo.

Hata hivyo, kukaa si kufaa. Shokapu ndefu zaidi huinua nyuma, hubadili ulegevu wa cheni na kuufanya usukani kuwa mwepesi kupita kawaida. Springi ngumu isiyo na mafuta ya kuizuia humrusha abiria na kuliacha tairi hewani, ambako breki haina kazi. Nguvu ambayo shokapu laini ingeimeza huhamia kwenye fremu, na nyufa huanzia pale shokapu iliposhikizwa. Fundi mzoefu anajua haya, lakini mara nyingi uamuzi wa mwisho si wake.

Hapa ndipo suala la spea linapogeuka kuwa suala la haki. Waendeshaji wengi hushika pikipiki kwa mkataba: hupeleka hesabu kwa mwenye chombo, na muda ukitimia chombo huwa chao. Siku ya matengenezo ni siku isiyo na hesabu. Shokapu iliyotumika, inayopatikana leo, hushinda mpya inayosubiriwa kutoka Tanga. Faida ya ugumu wa springi huonekana katika mzigo wa siku hiyohiyo. Hasara yake hujitokeza baada ya miezi, pengine mkataba unapomalizika na mwendeshaji anaporithi fremu iliyochoka.

Kwa hiyo, kuingiliana kwa spea kusisomwe kama ujanja wa maskini, wala kusitukuzwe kama ubunifu usio na gharama. Ni maarifa ya vipimo yaliyojengwa na uhaba, yakapanuliwa na uigaji wa viwanda, na yakapewa mipaka na mkataba. Ujenzi wa barabara ya lami ya Tanga–Pangani na wa daraja la mto Pangani utabadili mashimo na safari ya spea. Hautabadili wenyewe swali la nani hubeba uzito ambao shokapu imeshindwa kuubeba.