Dhahabu na Maji ya Ardhini Mpakani mwa Tororo na Busia: Tatizo la Kumbukumbu

Mjadala kuhusu dhahabu ya mashariki mwa Uganda huanza kwa wachimbaji wadogo wa leo, ilhali historia yake ni ndefu zaidi. Ukanda wa miamba ya kale uliozua mbio za dhahabu za Kakamega mwaka 1931 huvuka mpaka, na katika mwongo huohuo dhahabu ilichimbwa Tiira, Busia. Idara ya Jiolojia, iliyoundwa Entebbe mwaka 1919, ilitafiti madini na pia ilichimba visima virefu. Kuhusu kisima, swali la kawaida lilikuwa kina chake na wingi wa maji. Ubora ulikuja nyuma.

Pengo hilo linamgusa mkazi wa Iyolwa, kaunti ndogo ya Tororo katika nchi ya Wapadhola. Katika miamba ya eneo hili maji hukaa kwenye tabaka la mwamba uliooza na katika nyufa zilizo chini yake. Visima viwili vya jirani huweza kunywa kutoka nyufa tofauti: mgodi ukivuta maji ili mashimo yasifurike, kimoja hukauka na kingine kisitikisike. Mpimaji aliyepima hicho cha pili ataandika kwamba hakuna athari.

Kemia nayo haitoi hukumu ya haraka. Zebaki hutuama katika tope, hivyo sampuli safi ya maji haiuondolei mto lawama. Aseniki, kinyume chake, huweza kuwamo mwambani tangu asili. Kupita kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 10 kwa lita, pekee hakumtii mchimbaji hatiani. Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2019, lakini mkataba hauwezi kurudisha vipimo ambavyo havikuchukuliwa.

Kilichobaki ni kulinganisha: visima vya juu ya mgodi na vya chini yake, masika na kiangazi, kwa miaka kadhaa. Ushahidi wa wazee kuhusu msimu ambao chemchemi fulani ilikauka ustahili kuandikwa kando ya tarehe za pampu za mgodi; nauona kuwa na uzito kuliko sampuli moja ya maabara. Mipaka ya utawala haitoshi kuongoza kazi hiyo, kwani Malaba humwaga maji Mpologoma kuelekea Kyoga, huku Sio ikielekea Ziwa Viktoria.