Kukinga mboga dhidi ya panya, kuku na mbuzi mtaani

WAKAZI wengi wa Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kayole hadi Dandora, hupanda sukumawiki na spinachi katika magunia yaliyojazwa udongo na mbolea. Maadui wa bustani hizo si wadudu pekee, bali pia panya, kuku na mbuzi wanaorandaranda.

Panya ndiye msumbufu zaidi, kwani hukata miche usiku, watu wakiwa wamelala. Hatua ya kwanza ni kuondoa taka na mabaki ya chakula, kisha kuziba matundu. Panya mkubwa hupenya tundu la milimita 12 hivi. Gunia liwekwe juu ya wavu wa waya ili asichimbe kutoka chini. Mtego utegwe kando ya ukuta, ambako panya hupenda kupita.

Sumu isiyo na lebo inayochuuzwa mitaani iepukwe kabisa. Sheria ya Kenya, Sura ya 346, hairuhusu kuuzwa kwa dawa ambayo haijasajiliwa. Mtoto anaweza kuiokota akadhani ni chakula. Paka naye akila panya aliyekufa kwa sumu huweza kufa, na panya wakazidi kuongezeka.

Kuku huzuiwa kwa wavu mwepesi, lakini mbuzi huhitaji ua wa vigingi imara.

Mboga zilizovunwa zioshwe kwa maji safi na kupikwa vyema, kwa sababu mkojo wa panya hueneza ugonjwa wa leptospirosisi.