Sisibo na Bafa ya 64

Wazee bado wanaiita Eldoret "Sisibo". Mwaka 1910 posta ilifunguliwa kwenye Shamba Nambari 64, na namba hiyo ya Kiingereza ikalainika midomoni mwa wenyeji. Leo vijana wa hapa mtaani wanaisaka tena 64, sasa ndani ya laptopu.

Chepkong'o, kinubi cha Wakipsigis na binamu wa nyatiti, hakina kungoja: kidole kikigusa uzi, sauti iko. Laptopu hukusanya sauti kwa mafungu kwanza, ndani ya bafa. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, fungu la 1,024 ni milisekunde 23. La 64 ni moja na nusu tu. Bafa ikiwa kubwa, unabonyeza sasa, piano inalia baadaye, na mdundo wa nyumbani unaanza kuchechemea.

Miaka ya 1990 Windows ilipitisha sauti kwenye tabaka kibao kabla ifike spika. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg, Ujerumani, ikaleta ASIO, njia ya mkato hadi kadi ya sauti. Mwaka 1999 VST 2.0 ikafanya ala yenyewe kuwa programu. Mpangilio huo una maana: ala isiyojibu haraka haipigiki.

Kwa hivyo, mse, weka kando hedifoni za Bluetooth, chomeka za waya. Anza na 256, shuka 128, kisha 64. Ikianza kukwaruza, rudi hatua moja. Si kila mashine hufika Sisibo.