Jinsi wanasayansi wanavyosoma historia ya milima, ziwa na makorongo ya Bujumbura

Bujumbura imejengwa kati ya milima na maji. Mashariki huinuka safu inayogawa maji ya mto Kongo na yale ya mto Nile, ambayo vilele vyake hupita mita 2,600. Magharibi kumelala Ziwa Tanganyika, lenye uso ulio mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Katikati ni tambarare ya Imbo.

Kila msimu wa mvua, wakazi wa bondeni huhofia mafuriko na wale wa vilimani huhofia maporomoko ya ardhi. Wataalamu wa jiomofolojia, yaani elimu ya maumbo ya uso wa dunia na namna yalivyotokea, wanasema hofu hizo mbili zina asili moja: ardhi ya eneo hili ingali inajengwa na kubomolewa. Je, wao hulijuaje hilo?

Swali la mwaka 1871

Njia ya kwanza ni kwenda kuona. Mnamo Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini ya ziwa. Walitaka kujua iwapo mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Kama ungetoka kuelekea kaskazini, huenda Tanganyika ingekuwa chanzo kimojawapo cha Nile. Walikuta maji yakiingia, na hoja hiyo ikaanguka. Jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, ni kumbukumbu ya safari yao.

Jambo ambalo macho yao hayangeweza kuona ni kwamba Rusizi haukuwa daima kama walivyoukuta. Zamani maji ya eneo la Ziwa Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga ziliziba njia hiyo, Kivu ikajaa, na yapata miaka 10,000 iliyopita ikaanza kumwagikia kusini kupitia Rusizi. Historia hiyo ilipatikana kwa kupima umri wa mawe na wa matope ya ziwani.

Umri wa ziwa hupimwaje?

Ziwa Tanganyika limo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Ganda la dunia lilipovutwa kwa pande mbili, lilipasuka na kipande cha kati kikadidimia. Vipimo vya GPS vinaonyesha kuwa pande hizo zingali zinaachana kwa milimita chache kila mwaka. Kina cha ziwa hufikia mita 1,470, kwa hiyo sehemu ya sakafu yake iko chini kabisa ya usawa wa bahari.

Katika miaka ya 1980, watafiti wa mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walizunguka ziwani wakituma mawimbi ya sauti kuelekea chini. Mawimbi hayo hupenya matope na kurudisha mwangwi kutoka kila tabaka. Kwa kupima muda wa mwangwi, walichora tabaka za mashapo zenye unene wa kilomita kadhaa.

Hatua iliyofuata ilikuwa hesabu. Kaboni 14 iliyomo katika mabaki ya viumbe hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, nayo huonyesha matope ya juu yalirundikana kwa kasi gani. Mwaka 1993, Andrew Cohen na wenzake walitumia kasi hiyo kukadiria umri wa tabaka za chini kabisa. Walipata miaka milioni 9 hadi 12 kwa sehemu ya kati ya ziwa, na milioni 7 hadi 8 kwa sehemu ya kaskazini, iliko Bujumbura.

Makadirio hayo yana udhaifu wake. Kaboni 14 haipimi zaidi ya miaka 50,000 hivi, na hakuna hakika kwamba matope yalirundikana kwa kasi ileile muda wote.

Ufuo unaohama

Mwangwi huo ulifichua pia fuo za kale zilizozama. Takriban miaka 100,000 iliyopita, wakati wa ukame mkali, uso wa ziwa ulikuwa chini kwa zaidi ya mita 400 kuliko leo.

Mabadiliko mengine ni ya juzi tu. Mwaka 1876 Stanley alifika Lukuga, karibu na ilipo Kalemie ya sasa, akakuta mlango wa mto huo umezibwa na tope na matete. Miaka 3 baadaye, mmisionari Edward Hore aliona maji yakitoka kwa nguvu. Kizuizi kilikuwa kimevunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takriban mita 10.

Baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960, ziwa lilipanda tena. Hali kama hiyo imejirudia katika miaka ya 2020, ambapo nyumba za Gatumba na za kando ya ziwa zimeingiliwa na maji. Kwa mwanasayansi, maji hayo yanarejea katika ardhi yaliyowahi kuimiliki.

Makovu ya vilima

Upande wa vilimani, ushahidi ni makovu. Mtelemko ulioporomoka huacha bonde lenye umbo la mwezi mwandamo, miti iliyoinama na nyufa ardhini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Burundi na wa Jumba la Makumbusho la Kifalme la Afrika ya Kati, Ubelgiji, ulilinganisha picha za kale zilizopigwa kutoka angani, picha za setilaiti na uchunguzi wa miguu. Ulihesabu maporomoko zaidi ya 1,000 katika vilima vya Bujumbura, ya kale na ya karibuni.

Mito Ntahangwa, Muha na Kanyosha huteremka kwa kasi na kukwangua kingo zake. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Liège walichapisha hesabu za kompyuta kuhusu Kanyosha: iwapo poromoko lingeuziba mto, bwawa lingejikusanya nyuma yake, na likipasuka, mafuriko yangeteremkia mjini.

Elimu hii yamfaa nani?

Mwinuko wa milima na ulaini wa udongo ni urithi wa mamilioni ya miaka, wala hakuna awezaye kuubadili. Lakini maji ya mapaa na ya barabara yanayoachwa yamwagike makorongoni bila mifereji, ukataji wa miti na uchimbaji wa mchanga mitoni huharakisha mmomonyoko ambao ungechukua muda mrefu zaidi.

Ramani za fuo za kale na za makovu ya vilima haziwezi kutaja siku ya janga. Huonyesha mahali ambapo ardhi iliwahi kuzama au kuporomoka, na kwa hiyo mahali ambapo anayetaka kununua kiwanja, au mamlaka inayotoa kibali cha ujenzi, hana budi kuuliza kwanza.