Moto wa Lawrence: kifaa cha gesi kilipopima bomba lisilotumika

Tarehe 13 mwezi wa tisa mwaka 2018, saa kumi alasiri, nyumba zilianza kulipuka na kuwaka katika miji mitatu ya jimbo la Massachusetts, Marekani: Lawrence, Andover na North Andover. Kijana wa miaka 18 alikufa, watu zaidi ya 20 waliumia, na maelfu ya wakaaji walikimbia makwao. Gesi yenyewe ni ya kupikia na kupasha nyumba joto. Sehemu yake kubwa ni metani, ile ile iliyomo ndani ya ziwa Kivu.

Kupunguza presha ya gesi bila mkono wa mtu ni kazi ya zamani. Kampuni ya kwanza ya gesi ya London ilipata hati ya kifalme mwaka 1812, na injinia wake Samuel Clegg alibuni kifaa mfano wa ndoo iliyopinduliwa, ikielea majini. Presha ikipanda, ndoo inainuka na kuvuta koni inayoziba njia ya gesi. Ikishuka, njia inafunguka.

Vifaa vya Lawrence vilijua presha kupitia vibomba vyembamba vilivyoungwa kwenye bomba kuu la chuma. Kampuni ya Columbia Gas ilikuwa inaweka bomba la plastiki mahali pake. Mafundi walilitenga bomba la zamani, lakini vibomba vya kupima vilibaki humo. Presha humo ikashuka. Kifaa kikaona gesi haitoshi, kikafungua zaidi. Kulikuwa na kifaa cha pili, cha kukinga endapo cha kwanza kitaharibika. Nacho kilipima bomba lile lile! Hakuna kilichoharibika: vyote viwili vilifanya kazi yao sawasawa. Presha iliyoingia majumbani ilipanda kutoka nusu pauni kwa inchi ya mraba hadi karibu 6.

Mbali huko Columbus, Ohio, king'ora kililia saa kumi na dakika 4. Aliyekuwa zamu aliona presha inapanda, lakini hakuwa na njia ya kufunga valvu kutoka pale alipo. Alipiga simu tu. Mafundi walifunga karibu nusu saa baadaye.

Wachunguzi walilaumu mpango wa kazi, ambao haukusema vibomba vihamishwe. Haukuwa hata na muhuri wa injinia mwenye leseni, kwani sheria ya jimbo haikuudai kwa kazi za gesi. Sheria hiyo ilibadilishwa tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo. Mwaka 2020 kampuni ilikiri kosa mahakamani, ikatozwa faini ya dola milioni 53, na biashara yake ya Massachusetts ikauzwa.