Petroli Haisubiri Kiberiti

Tone la petroli likidondoka sakafuni hukauka kabla hujapata kitambaa. Tone la mafuta ya taa hubaki palepale na kuacha doa. Vitu hivi viwili ni ndugu, vyote vinatoka katika mafuta ghafi, lakini kimoja kina haraka ya kupaa na kingine hakina. Tofauti hiyo imeua watu wengi, na leo napenda tuifuatilie tangu mwanzo wake.

Agosti 1859 Edwin Drake alipata mafuta kwa kuchimba kisima huko Titusville, Pennsylvania, nchini Marekani. Kilichotafutwa siku zile kilikuwa mafuta ya taa. Magari hayakuwapo, hivyo petroli iliyotoka pamoja nayo ilionekana takataka, na nyingine ilimwagwa mitoni. Wafanyabiashara wenye tamaa wakaona heri waichanganye na mafuta ya taa, wauze kwa wingi. Taa zikalipuka mezani, nyumba zikateketea.

Kwa nini? Kila kimiminika ni mkusanyiko wa molekuli zinazoshikana. Zile za mafuta ya taa ni minyororo mirefu ya kaboni, nazo hukamatana kwa nguvu. Za petroli ni mifupi, hushikana kwa ulegevu, na huponyoka kwenda hewani bila kungoja joto kubwa. Mafuta ya taa kwa kawaida huhitaji kufikia nyuzi 38 za Sentigredi au zaidi ndipo yatoe mvuke wa kutosha kushika moto. Petroli huutoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri.

Serikali zililazimika kuingilia kati. Mwaka 1862 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kudhibiti uhifadhi wa mafuta yanayotoa mvuke wa kuwaka kwenye joto dogo. Mwaka 1879 sheria ikakiingiza chombo cha mkemia Frederick Abel: kikombe chenye kifuniko, mafuta yakapashwa joto polepole, na mwali mdogo ukaingizwa mara kwa mara hadi mvuke ushike. Tangu hapo muuzaji hakuaminiwa kwa maneno yake tu. Mafuta yake yalipimwa.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachang'wan, Kenya. Tarehe 2 Julai 2010 likapinduka jingine Sange, mashariki mwa Kongo. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa zamu ya Morogoro. Pote watu walikusanyika, wengi wakiwa na madumu ya kuchotea. Sachang'wan na Morogoro walikufa zaidi ya watu 100 kila mahali. Sange zaidi ya 200.

Wapo wanaowaita marehemu wale wezi. Mimi siafiki. Mtu aliyezoea kumimina mafuta ya taa kwenye kibatari, karibu na jiko linalowaka, anadhani kwamba bila kuwasha kiberiti yu salama. Hajaambiwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwamba hutambaa chini, hufuata mtaro, hufika kwenye jiko la mama lishe au sigara ya mpita njia, kisha moto hurudi kwa njia ileile hadi kwenye lori.

Shuleni habari za mvuke tulizikariri kwa ajili ya mtihani, tukaambiwa habari za sufuria ya maji na nguo zilizoanikwa. Petroli haikutajwa. Nashauri itajwe, darasani, vituo vya mabasi na vijiwe vya bodaboda, kabla lori jingine halijapinduka.

Petroli haisubiri kuwashwa. Huenda yenyewe kuutafuta moto. Ukiisikia harufu yake barabarani, ujue mvuke umekwisha kukufikia. Liache dumu, rudi nyuma, na umvute mwenzako.