Shingo, Usingizi na Woga: Historia ya Maladi ya Mbung'o Kwetu Maniema

Tunapofundisha historia ya wakati wa Leopold wa Pili, kuna swali moja ambalo wanafunzi hawakosi kuuliza: juu ya nini wazee walikimbilia porini waliposikia munganga wa Serikali anakuja? Wengine wanacheka, wanasema ni ujinga. Sisi tunakataa. Woga ule ulikuwa na sababu yake, na mpaka leo unachelewesha wagonjwa.

Maladi ya usingizi inaletwa na mdudu mdogo sana wa damu, jina lake tripanosoma. Mbung'o ndiye anamtoa kwa mgonjwa na kumtia kwa mtu mzima, pembeni ya mito na penye kuchota maji. Alama yake moja inajulikana tangu zamani: matezi yanavimba nyuma ya shingo. Munganga Mwingereza Thomas Winterbottom, aliyefanya kazi Sierra Leone, aliiandika mwaka 1803. Wachuuzi wa watumwa waliijua vilevile: walipapasa shingo, na mwenye vinundu hawakumnunua. Yaani shingo ilipapaswa kwa ajili ya soko, si kwa kuponya.

Miaka mia moja ikapita. Kati ya 1903 na 1905, wanganga wawili wa shule ya Liverpool, Joseph Dutton na John Todd, walipanda mto toka Boma mpaka Kasongo. Walifundisha kwamba kupapasa shingo ni njia nyepesi ya kumtambua mgonjwa kabla hajaanza kusinzia. Walichunguza pia homa ya kimputu, na homa hiyo ikamshika Dutton mwenyewe. Alikufa Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Mtu huyo alilipa elimu yake kwa maisha.

Lakini Serikali ya Leopold iliichukua elimu ile na kuigeuza amri. Watu walipangwa mstari, shingo zikapapaswa, na aliyekutwa na matezi aliweza kutengwa na jamaa yake na kufungiwa lazareti. Dawa ya wakati ule, atoksili, ilikuwa na arseniki ndani, wengine iliwapofusha. Wengi walioingia hawakurudi. Mama gani angempeleka mtoto wake kule kwa mapenzi yake? Ndivyo watu walivyozoea kuficha ugonjwa.

Tuseme kweli yote: baadaye timu za wanganga waliozunguka vijijini zilisaidia mingi. Karibu na uhuru wa 1960, wagonjwa wapya walikuwa kama 1,000 tu kwa mwaka katika inchi nzima. Kisha feza za timu zilikosekana, zaidi baada ya ushirikiano na Ubelgiji kukatika mwaka 1990, na vita vikafunga njia. Mwaka 1998 wagonjwa waliogunduliwa walipita 26,000. Kumbe ugonjwa haukufa. Ni sisi tuliacha kuutafuta.

Basi tujue alama zake. Mwanzoni ni homa inayokwenda na kurudi, kichwa na viungo kuuma, mwili kuwasha, matezi shingoni. Mtu anakunywa dawa ya malaria, anapata nafuu kidogo, homa inarudi. Baada ya miezi, pengine miaka, mdudu anaingia ubongoni. Hapo mgonjwa anasinzia mchana na kukesha usiku; aliyekuwa mpole anakuwa mkali, anasema ovyo, mikono inatetemeka. Hapo ndipo jamaa wanasema: amelogwa. Wanazunguka kwa waaguzi, na siku zinapotea. Hatuwadharau wazee wetu na mizizi yao, lakini mdudu huyu hatolewi na mizizi, na asipotibiwa anaua.

Kwa hiyo, homa ikishika, upime malaria mara moja. Kama dawa imekwisha na homa haijakwisha, au kama tabia ya mtu imegeuka bila sababu, usingoje. Nenda kituo cha afya, umwambie munganga kwamba unakaa au umepita penye mbung'o, na uombe damu ipimwe juu ya maladi ya usingizi.

Na ile sababu ya kukimbia imepungua. Shindano la arsobali, nalo la arseniki, liliua karibu watu 5 kwa kila 100 waliotibiwa. Leo kuna feksinidazoli, vidonge vya siku 10, iliyokubaliwa mwaka 2018 kisha majaribio makubwa yaliyoongozwa na Mkongomani mwenzetu, Munganga Victor Kande. Mwaka huohuo wagonjwa wapya katika inchi yetu hawakufika 1,000.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Wazee wetu walificha kwa sababu mkono uliogusa shingo ulikuwa mkono wa kukamata. Sisi tuguse wenyewe shingo za watoto wetu, nyumbani, bila amri ya mtu. Tukikuta vinundu, tuwashike mkono na kuwasindikiza kwa munganga.